Peni za Fedha za Uingereza ya Kale: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unahusu sarafu ndogo za fedha zilizopigwa kwa nyundo nchini Uingereza, kuanzia peni za Mfalme Offa karne ya 8 hadi zama za Henry VII. Wengi wakiletewa sarafu hizi hukimbilia kichwa cha mfalme. Mimi nashauri uigeuze kwanza. Upande wa msalaba ndio unaotaja nani wa kushikwa shati fedha ikipungua, na karibu kila mchoro ulioko pale uliwekwa kwa sababu kuna mtu aliwahi kuiba.

Sarafu ilipigwaje kwa nyundo?

Fedha iliyeyushwa, ikafuliwa hadi ikawa bamba jembamba, kisha ikakatwa vipande na kupimwa kwenye mizani. Halafu ikaja mihuri miwili ya chuma. Wa chini ulikuwa na ncha kama msumari, ukapigiliwa kwenye gogo ili usicheze. Wa juu ulishikwa kwa mkono. Kipande cha fedha kikawekwa katikati, nyundo ikashuka, na picha za pande zote mbili zikatoka kwa pamoja.

Kwa kawaida sura ya mfalme ilichongwa kwenye muhuri wa chini na msalaba kwenye wa juu. Muhuri wa juu ndio uliokula kipigo chenyewe, kwa hiyo uliharibika upesi, na mafundi walipewa mihuri ya juu mingi zaidi kuliko ya chini. Jambo hili linawasaidia sana watafiti wa leo. Wakikuta peni kadhaa zenye sura ileile lakini misalaba tofauti, wanajua zote zimepita kwenye muhuri mmoja wa chini, na wanaweza hata kupanga ipi ilitangulia kwa kufuata ufa unavyokua kwenye chuma.

Kwa nini nyingi hazina duara zuri, na picha imekaa upande?

Kwa sababu hapakuwa na pete ya kuibana fedha isitanuke. Fundi alilenga kwa jicho, na mkono uliochoka haulengi vizuri. Ukiona herufi zimetokea mara mbili, ujue sarafu iliruka kidogo kati ya pigo la kwanza na la pili.

Peni moja ilinunua nini?

Peni haikuwa chenji ya kutupa. Mnamo mwaka 1300 kibarua alipata peni moja na nusu hadi mbili kwa siku, na fundi seremala kama tatu. Mpiga upinde wa miguu katika jeshi la Edward III alilipwa peni 3 kwa siku, aliyepanda farasi 6.

Hesabu ilikwenda hivi: peni 12 ni shilingi, shilingi 20 ni paundi, kwa hiyo peni 240 ni paundi moja. Lakini shilingi na paundi zilikuwa za kwenye daftari tu. Mtu aliyedaiwa paundi moja alihesabu peni 240 mezani. Sarafu halisi ya shilingi haikupigwa mpaka utawala wa Henry VII, mwishoni kabisa mwa kipindi tunachokizungumzia.

Ndiyo hiyo shilingi yetu?

Ukoo ni huohuo. Uingereza ilileta shilingi Afrika Mashariki mwaka 1921, baada ya rupia na florini, lakini hapa iligawanywa kwa senti 100, si kwa peni 12. Ile paundi ya shilingi 20 tuliirithi pia; serikali ya Kenya iliendelea kuandika bajeti zake kwa paundi hizo kwa miaka mingi baada ya uhuru.

Sura iliyomo ni ya mfalme kweli?

Hapana, isipokuwa kwa nadra. Ni alama ya ufalme: macho mawili, nywele zilizojipinda pande zote mbili, taji kichwani. Edward I alipokufa mwaka 1307, mwanawe aliendelea na uso uleule. Mjukuu naye hivyohivyo.

Wapo wanaotoka nje ya mstari. Peni za Offa, mfalme wa Mercia (mojawapo ya falme za Uingereza ya wakati ule), aliyetawala 757 hadi 796, zina vichwa vilivyochongwa kwa ufundi ambao haukuonekana tena Uingereza kwa muda mrefu, na mkewe Cynethryth ndiye malkia pekee wa enzi za Waanglo-Saksoni anayejulikana kuwa na sarafu kwa jina lake. Halafu unasubiri miaka 700. Mwanzoni mwa karne ya 16, Henry VII akachorwa kutoka ubavuni, mwenye pua yake na kidevu chake, kazi inayohusishwa na mchongaji Alexander wa Bruchsal. Hapo ndipo mtu angeweza kumtambua mfalme njiani kwa kumwona kwenye sarafu.

Maandishi yanasomwaje?

Anza juu kabisa penye msalaba mdogo au alama nyingine, kisha zunguka kuelekea kulia. Lugha ni Kilatini kilichofupishwa bila huruma, na U huandikwa V. Herufi nyingi hazikuchongwa, bali ziligongwa kwenye muhuri kwa visindikizo vidogo vya chuma: kimoja chenye umbo la kabari, kingine la mwezi mwandamo, na kadhalika. Ndiyo maana N hugeuka nyuma mbele, na herufi moja ikivunjika kisindikizo, kasoro yake inajirudia kwenye maelfu ya sarafu. Kasoro hizo ni dhahabu kwa anayetafuta tarehe, kwa maana sarafu zenyewe hazina mwaka. Mwaka haukuandikwa kwenye fedha ya Uingereza hadi wakati wa Edward VI, katikati ya karne ya 16.

Tuchukue mifano miwili. Peni ya msalaba mfupi, aina iliyoanzishwa na Henry II mwaka 1180, ina HENRICVS REX, yaani Mfalme Henry, upande wa sura, na upande wa pili kitu kama WILLELM ON LVND. Huyo Willelm si mfalme wala mtakatifu. Ni mfua sarafu wa London aliyeipiga. Tangu marekebisho ya Mfalme Edgar, karibu mwaka 973, kila peni ilipaswa kutaja mfua sarafu na mji wake, na katika kipindi kilichofuata kulikuwa na miji kama 70 yenye kazi hiyo. Peni ikionekana nyepesi au chafu, jina la mtuhumiwa limeshaandikwa.

Peni ya Edward I ya 1279 inasoma EDW R ANGL DNS HYB, yaani Edward, Mfalme wa Uingereza, Bwana wa Ayalandi. Ukigeuza unakuta CIVITAS LONDON, Jiji la London. Au CIVITAS CANTOR kwa Canterbury, CIVITAS EBORACI kwa York, VILL NOVI CASTRI kwa Newcastle. Jina la fundi limeondoka, maana sasa kazi ilisimamiwa na maofisa wachache wa mfalme. Mmoja tu alibaki: Robert de Hadelie wa Bury St Edmunds, ambaye peni zake za mwanzo bado zinamtaja. Kila nikiiona ile ROBERT DE HADELIE naona mzee aliyekataa kuondolewa kwenye orodha.

Sarafu ilibeba siasa?

Sana. Edward III alipodai taji la Ufaransa, cheo hicho kiliandikwa kwenye sarafu kubwa ya peni 4 iliyoanza kupigwa kwa wingi mwaka 1351. Mkataba wa Brétigny wa 1360 ulipomtaka aliache dai, FRANC ikafutwa, AQVT ya Aquitaine ikaingia. Vita vilipoanza upya mwaka 1369, FRANC ikarudi.

Mfano mwingine unauma zaidi. Harold II alitawala miezi tisa tu ya 1066, akafa vitani Hastings. Katikati ya upande wa nyuma wa peni zake kuna neno moja kubwa: PAX, amani.

Kwa nini Richard I na John hawana peni zao?

Wanazo, ila hazina majina yao. Henry II alianzisha msalaba mfupi mwaka 1180, na mwanawe Richard, kisha John, wakaendelea kupiga HENRICVS REX. Watu walishaliamini jina. Peni zenye jina la John zipo, lakini zilipigwa Ayalandi, na sura yake imo ndani ya pembetatu. Alipokuja Henry III, jina likawa sahihi tena bila mtu kubadilisha herufi.

Msalaba uliwekwa kwa ajili ya dini tu?

Dini imo. Lakini msalaba ulikuwa pia kifaa cha kazi. Kwa karne nyingi peni ilikuwa ndiyo sarafu pekee ya kawaida, na mwenye kutaka kununua kitu cha nusu peni aliikata katikati, au mara nne kama chapati. Mistari ya msalaba ilionyesha mkasi upite wapi. Vipande hivyo vinaokotwa mashambani Uingereza mpaka leo.

Msalaba mfupi wa 1180 una mistari miwili sambamba kwa kila mkono, nao unaishia kwenye duara la ndani. Maandishi yanazunguka nje yake. Wezi wakauona mwanya. Ukinyoa ukingo kwa mkasi unakula vichwa vya herufi tu, msalaba unabaki mzima, na anayelipwa anaipokea sarafu bila kushtuka. Ukinyoa mia, unapata fedha ya kuyeyusha.

Mwaka 1247 Henry III akaurefusha msalaba mpaka ukingoni. Wazo lilikuwa kwamba mikono yote minne lazima ionekane hadi mwisho. Ni mojawapo ya mabadiliko machache ya mchoro katika historia ya fedha ambayo sababu yake unaiona kwa macho bila kuelezwa.

Kunyoa hakukukoma. Mwaka 1278 Edward I aliwakamata Wayahudi nchi nzima kwa tuhuma hiyo na mamia wakanyongwa, wakati Wakristo walioshtakiwa kwa kosa hilohilo na kuuawa walikuwa wachache mno. Mwaka 1290 aliwafukuza Wayahudi wote Uingereza. Zile peni safi za 1279 zinazosifiwa katika kila kitabu cha wakusanyaji zilitolewa mara tu baada ya minyongo hiyo, na sioni namna ya kuzieleza bila kuitaja.

Toleo la 1279 lilileta msalaba wa mstari mmoja wenye vitone vitatu katika kila pembe, pamoja na nusu peni na robo peni za duara, hivyo kukata hakukuwa na haja tena. Mchoro huo wa vitone ulidumu zaidi ya miaka 200.

Nani alichonga mihuri?

Kwa sehemu kubwa ya kipindi hiki ilitengenezwa London na kugawiwa mikoani, kwa malipo. Kitabu cha Domesday cha 1086, orodha ya mali na kodi za nchi, kinaandika kwamba wafua sarafu wa Worcester walilipa shilingi 20 kila mmoja kupokea mihuri mipya fedha inapobadilishwa. Ada hiyo ilizaa ujanja. Katika akiba ya Chew Valley huko Somerset, yenye peni 2,584 za miaka ya 1066 hadi 1068, zimo sarafu zilizopigwa kwa muhuri wa mfalme mmoja upande huu na wa mfalme mwingine upande ule. Fundi alibana matumizi, akachanganya muhuri mpya na mkuukuu.

Maaskofu wa Durham na York walikuwa na haki zao za kupiga sarafu, nao waliweka alama ndogo. Askofu Bek wa Durham alitumia msalaba wa nembo yake. Kellawe, aliyemfuata, aliupinda mkono mmoja wa msalaba ukawa fimbo ya kiaskofu. Peni za askofu mkuu wa York zina ua dogo la petali nne katikati ya msalaba. Hizi ndizo ninazozipenda kuliko zote, kwa sababu mtu asiyejua anazipita tu.

Fundi akiiba alifanywa nini?

Krismasi ya 1124 wafua sarafu wa Uingereza waliitwa Winchester kwa amri ya Henry I. Askofu Roger wa Salisbury akasimamia. Walikatwa mkono wa kulia na kuhasiwa, mmoja baada ya mwingine, kwa kosa la kuichakachua fedha. Mfalme huyohuyo alikuwa na shida ya watu kukataa sarafu nzima wakidai ni bandia, na katika aina kadhaa za peni zake utakuta mkato mdogo ukingoni, uliotiwa makusudi kuonyesha kwamba ndani ni fedha.

Baadaye ukaja ukaguzi wa utulivu zaidi. Tangu karne ya 13 sarafu chache ziliwekwa sandukuni, zikapimwa mbele ya baraza la wafua dhahabu wa London. Ukaguzi huo unafanyika kila mwaka hadi leo.

Ni kweli kuna sarafu ya mfalme wa Uingereza yenye shahada?

Ni kweli, ingawa ni ya dhahabu. Offa aliiga dinari ya Khalifa al-Mansur ya mwaka 157 Hijria, yaani 773 au 774. Mchongaji hakujua Kiarabu, maana katikati ya maneno ya shahada alipachika OFFA REX kichwa chini miguu juu. Ipo British Museum. Wengine hudai Offa alisilimu. Ushahidi wa sarafu unaonyesha tu kwamba dinari ya Baghdad iliaminika masokoni kiasi cha kuigwa.

Kwa nini peni nyingi za Aethelred ziko Uswidi?

Zilikwenda kama malipo kwa Waviking. Kumbukumbu za Waanglo-Saksoni zinataja paundi 10,000 mwaka 991. Kwa hesabu ya peni hiyo ni milioni 2.4, na huo ulikuwa mwanzo tu. Peni za Aethelred, aliyetawala 978 hadi 1016, zimepatikana kwa wingi zaidi Skandinavia kuliko kwao. Toleo moja la karibu 1009 liliweka Mwanakondoo wa Mungu badala ya sura ya mfalme, na njiwa upande wa pili. Ni sala ya taifa lililobanwa. Halikudumu, na nakala chache zilizobaki zimetoka hasa Kaskazini walikokaa washambuliaji.

Pwani yetu ilikuwa na sarafu wakati huo?

Ndiyo. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, zilifukuliwa sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari za Wafatimiya. Kilwa nayo ilitoa sarafu za shaba kwa majina ya masultani wake, maneno ya upande mmoja yakifanya kina na ya upande wa pili. Moja, yenye jina la al-Hasan ibn Sulaiman, ilifika Great Zimbabwe. Ukiweka peni ya Edward I karibu na sarafu hiyo ya Kilwa, tofauti kubwa ni moja: yetu haina sura ya mtu wala haihitaji.

Kwa nini peni ilizidi kuwa nyepesi?

Mwaka 1279 ilikuwa na gramu 1.44. Mwaka 1351 ikashuka hadi 1.17, mwaka 1412 hadi 0.97, mwaka 1464 hadi 0.78. Fedha ilipanda bei Ulaya, na sarafu nzito zilikuwa zikivushwa ng'ambo na kuyeyushwa. Usafi wake haukuguswa, sehemu 925 katika 1,000, mpaka Henry VIII alipoanza kuchanganya shaba miaka ya 1540. Safu ya juu ikifutika, shaba ilichungulia puani mwa picha ya mfalme, na watu wakampa jina la Pua ya Shaba.

Nimeona peni ya Edward I inauzwa mtandaoni. Nitajuaje si bandia?

Peni za Edward I ni nyingi mno, kwa hiyo hata halisi haina bei ya kutisha. Anayeuza "nadra sana" ana maneno mengi. Angalia ukingo: mstari wa kiungo maana yake imemiminwa kwenye kalibu, haikupigwa. Tazama uso kwa kioo cha kukuzia. Vishimo vya mapovu ni dalili mbaya. Pima uzito. Na muuzaji akiwa na tatu zenye mkao uleule, ufa uleule na doa lilelile, ondoka. Muhuri unaweza kurudia picha, lakini hauwezi kurudia ajali.

Kuna bandia za zamani pia, nazo zina wapenzi wake. Miaka ya 1290 wafanyabiashara walileta kutoka Ubelgiji ya sasa na jirani zake peni za kuiga, nyingine zikiwa na shada la maua badala ya taji. Krismasi ya 1299 Edward I akazishusha kuwa nusu peni, na Pasaka ya 1300 akazipiga marufuku kabisa.

Nizisafishe?

Usizisafishe. Si kwa limau, si kwa majivu, si kwa dawa ya meno.

Ninaishi Uingereza, nikiokota itakuwaje?

Pata ruhusa ya mwenye ardhi kabla ya kupita na mashine ya kutambua metali. Kwa sheria ya 1996 inayotumika England na Wales, sarafu mbili au zaidi za fedha zenye umri wa miaka 300 kwenda juu, zilizopatikana pamoja, huhesabiwa hazina na lazima ziripotiwe ndani ya siku 14. Sarafu moja pekee kwa kawaida si hazina, lakini mwonyeshe ofisa wa mambo ya kale wa eneo lako aiandikishe. Uskoti ina sheria yake, kali zaidi. Kuripoti hakukunyimi kitu: ile akiba ya Chew Valley ililipiwa paundi milioni 4.3, zikagawanywa kati ya waokotaji na mwenye shamba.

Nyundo iliachwa lini?

Mfaransa Eloye Mestrelle alileta mashine wakati wa Elizabeth I, mwaka 1561, akatoa sarafu nzuri za duara kamili. Mafundi wa nyundo walimpiga vita hadi akaondolewa, na mwaka 1578 akanyongwa kwa kutengeneza sarafu bandia. Mashine ilirudi kwa kudumu mwaka 1662 chini ya Charles II. Sarafu zake kubwa zilizungushiwa maandishi ukingoni, DECVS ET TVTAMEN, pambo na ulinzi, ili mwenye mkasi asiwe na pa kuanzia. Zile za nyundo ziliendelea kutumika zikiwa zimenyolewa vibaya hadi mwaka 1696 zilipoitwa zote zirudishwe na kuyeyushwa.